Mjomba huniambia "nisomee hapo," na sasa najua kwa nini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 23, nakaa Malindi, upande wa Maweni. Nakuandikia saa saba za usiku kwa kuwa usingizi umenihama tangu Jumapili. Mtu wa kumwambia sina. Mama nilimwambia, na jibu lake ndilo lililonifanya nishike simu nikuandikie.

Miezi minne iliyopita mjomba wangu, kaka yake mama, aliniingiza kwenye timu ya mbio za magari. Usifikirie timu kubwa. Gari ni moja, Subaru Impreza ya zamani iliyojaa makovu. Yuko dereva, yuko navigeta wake anayekaa pembeni yake kumsomea njia, mafundi wawili vijana, mjomba ambaye ndiye fundi mkuu, na mimi. Nilikuwa nimemaliza kozi ya makanika, nimezunguka gereji za mjini mpaka viatu vikaisha soli, na kila ninakokwenda naulizwa kama naweza kushika daftari la risiti. Mjomba akasema, "Njoo kwangu. Utaanza na turubai."

Na kweli nilianza na turubai. Labda hujui, Shangazi: gari likitoka kwenye vipande vya mashindano huja mahali pa huduma, na hapo linapewa dakika za kuhesabu. Turubai hutandikwa kwanza, ili mafuta yasimwagike ardhini na nati ikidondoka ionekane. Kisha jeki, stendi nne, gari juu, magurudumu chini. Mmoja yuko uvunguni anakagua amu na shokapu na lile bamba linalokinga injini na mawe, mwingine yuko kwenye breki, mwingine anajaza maji. Gari likichelewa kutoka, kila dakika moja ni adhabu ya sekunde 10, na mtu huweza kupoteza mbio nzima kwa sekunde 10. Kwa hiyo tunafanya mazoezi uani kwa mjomba. Yeye husimama pembeni anatusikiliza, kisha anasema "Rudieni," na tunarudia mpaka adhana ya magharibi. Naipenda kazi hii. Sijapata kupenda kitu hivi.

Mjomba ana miaka 64. Alianza mwaka 1981 kwa kubeba mitungi ya mafuta ya timu moja ya watu binafsi kwenye Safari Rally, enzi zile Shekhar Mehta aliposhinda mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na mbio zenyewe zilikuwa za Pasaka, maelfu ya kilomita, magari yanapita vijijini usiku na watoto wamekesha kando ya barabara. Mwaka 1994 Ian Duncan aliposhinda na Toyota Celica, mjomba alikuwa fundi kamili. Safari ilipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 kazi ilikauka, akarudi Malindi kutengeneza Land Cruiser za watalii wa Tsavo na mabasi madogo ya mahoteli. Iliporudi mwaka 2021 kule Naivasha, alikaa mbele ya televisheni siku zote za mbio, amejisogeza mpaka pua inakaribia kioo. Tulimcheka. Baba alipofariki, ni yeye aliyenilipia karo tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne.

Sasa jambo lenyewe.

Tangu nianze, mjomba ana mtindo wake wa kunifundisha. Kila kitu chenye maandishi hunipa mimi. "Hebu nisomee hapo, mwanangu, nione kama wajua." Nasoma tarehe ya mwisho kwenye lebo ya mikanda ya viti. Nasoma presha ya tairi. Nasoma namba kwenye spana ya toki, ile inayolia tak nati ikifika kipimo. Yeye huzungusha kishikio chake, anahesabu mizunguko kimoyomoyo, halafu ananiuliza, "Ngapi hapo?" Namwambia. "Haya, wajua." Nami nilifurahi, nikajiona mwanafunzi bora.

Wiki tatu zilizopita aliniambia nishike tochi yeye ajaze mafuta ya breki. Akanyoosha mkono akachukua chupa, akafungua kifuniko, akainamia kikopo. Haikuwa chupa ya breki. Yalikuwa mafuta ya stelingi. Nilimshika mkono tone la kwanza halijaanguka. Mafuta yale yakiingia kwenye breki hufurisha mipira ya ndani, Shangazi, na siku ya siku dereva anakanyaga mpaka chini na gari halisimami. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nilikuwa nakujaribu. Umefaulu." Lakini mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa ukitetemeka.

Hapo ndipo nilipozikumbuka "nisomee hapo" zote, moja baada ya nyingine.

Jumapili tulikwenda kulijaribu gari kwenye barabara ya vumbi, njia ya Marafa. Asubuhi tulifunga magurudumu, rimu zimetoka kupakwa rangi mpya, tukaondoka. Baada ya kilomita kama nane dereva akarudi, akalalamika kwamba gari linatikisika nyuma kushoto. Mjomba akasema ni jiwe limenasa kwenye rimu. Wao wakaenda kunywa madafu chini ya mwembe, mimi nikapiga jeki. Nati mbili kati ya tano ziligeuka kwa vidole. Kwa vidole, Shangazi! Nikazikaza zote tano. Kisha nikaokota jiwe barabarani nikawapelekea. "Lilikuwa hili," nikasema. Dereva akalitupa. Mjomba hakusema kitu.

Mbio ni wiki tatu zijazo, huko bara. Navigeta ana mtoto wa miezi saba, juzi alituonyesha picha zake kwenye simu. Mama nilipomweleza aliniambia, "Mjombako usimvue nguo mbele za watu. Wewe mkazie nati zake kimya kimya, Mungu atakulipa." Na ndivyo ninavyofanya. Kila alichogusa nakigusa tena akiondoka. Lakini siku ya mbio tutakuwa na dakika chache, watu sita juu ya gari moja. Nitamfuata mjomba nyuma vipi bila mtu kuona?

Nikisema, nimemla aliyenilea. Kazi hii ndiyo iliyobaki kumwamsha asubuhi. Nisiposema na likatokea la kutokea, nitaishi vipi? Na mimi ni mgeni wa miezi minne, wao wako pamoja miaka, neno langu litapimwa kwa mizani gani? Wakati mwingine najiambia kwamba wakaguzi watalipekua gari kabla ya mbio, labda wao wataona na mimi nitakuwa nimeokoka. Nisaidie.

Mpwa, Malindi


Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu chai ilifurika jikoni ikazima jiko, na sikuinuka.

Mimi mambo ya magari najua kupanda tuktuk na kubishana nauli. Basi nilimwita jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa matatu miaka mingi, nikamsimulia bila kutaja mtu wala mji. Alichosema nitakwambia. Kwanza acha nikurudishie nilivyokusikia, nawe uone kama nimekosea njia.

Una mjomba ambaye kwako ni baba na mwalimu kwa pamoja. Umeona, au unadhani umeona, kwamba macho yake hayamsaidii tena. Una watu wawili watakaofungwa mikanda ndani ya gari lile na kukimbizwa kwenye mawe, wakiamini kwamba kila nati iko mahali pake. Una mama anayekuomba unyamaze. Na katikati ya hayo umegeuka fundi wa pili wa siri, unayepita nyuma ya fundi wa kwanza.

Lakini kuna kitu kimoja umekiandika haraka haraka ukakipita, nami nimekirudia. Chupa ilikuwa wiki tatu zilizopita. Usingizi umekuhama tangu Jumapili. Chupa ile, pamoja na hofu yake yote, hukusema umekesha kwa ajili yake. Kilichokukesheza ni jiwe. Mpaka Jumapili ulikuwa mtu aliyeona jambo akanyamaza. Jumapili ulikuwa mtu aliyeokota jiwe barabarani akalitolea ushahidi. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba moyo wako unajua tofauti, na huenda unakukumbusha usiku kwa sababu mchana umeuziba mdomo.

Sasa jirani yangu. Nilipofika kwenye nati mbili zilizogeuka kwa vidole alininyanyulia mkono. "Rimu zilipakwa rangi?" Nikamwambia ndiyo. "Waliikaza tena baada ya kilomita za mwanzo?" Nikaitazama barua, hakuna. Akanieleza kwamba rangi mpya chini ya nati husagika gari likianza kwenda, nati ikabaki imelegea hata kama ilikazwa sawasawa, na ndiyo sababu wao kwenye matatu walikuwa wakisimama njiani kukaza mara ya pili. Nikarudi kwenye maneno yako. Umeandika "tulifunga magurudumu." Tulifunga. Gurudumu la nyuma kushoto lilifungwa na nani, mwanangu? Barua haisemi. Linaweza kuwa la mjomba. Linaweza kuwa la mmoja wa wale vijana. Linaweza kuwa lako. Sitaki kukuongezea mzigo. Nataka tu uone kwamba nati zile hazithibitishi jambo la macho ya mtu. Zinathibitisha kwamba asubuhi ile hakuna aliyerudi kukagua kazi ya mwenzake, na kosa hilo ni la timu nzima.

Chupa ni habari nyingine. Pale sina la kumtetea, na "nilikuwa nakujaribu" yake wewe mwenyewe uliisikia mkononi mwako.

Basi tuseme ni macho. Umeyahukumu tayari? Katika barua yako mjomba ni mtu aliyekwisha, amebakiwa na kuvuliwa nguo tu, ama na wewe ama na ajali. Mimi ninavyojua, baada ya miaka 40 karibu kila mtu huanza kusogeza gazeti mbali ili asome, na dawa yake ni miwani ya dukani. Ila hiyo peke yake haielezi pua kwenye kioo cha televisheni mwaka 2021. Huyo ni mtu ambaye hata cha mbali kilikuwa kimeanza kumpotea, na nyinyi mlicheka, kama ambavyo sisi sote hucheka. Huenda ni mtoto wa jicho. Ukungu ule hufanyiwa upasuaji, wanatoa lenzi iliyochafuka wanaweka nyingine, na mara nyingi mgonjwa hurudi kwake siku hiyo hiyo. Huenda ni sukari, ambayo huharibu macho kabla mwenyewe hajajua kuwa anayo. Huenda ni presha ya macho, na hiyo ndiyo ya kuharakisha, kwa sababu kilichopotea kwayo hakirudi, kinachookolewa ni kilichobaki. Kwa jicho la nyumbani huwezi kujua ni lipi, mimi pia siwezi. Kuna hospitali za macho Mombasa, na ng'ambo ya Likoni kuna Kwale Eye Centre. Kutoka kwenu ni safari ya siku moja, mkiondoka na gari la alfajiri. Wiki tatu hazitoshi kumaliza matibabu yote, lakini zinatosha sana kupimwa.

Nikusimulie kidogo. Marehemu mama yangu alikuwa akishona kofia za vito, kazi ya macho tupu, sindano nyembamba na tundu moja moja. Kuna wakati akaanza kuwaita wajukuu: "Njoo nitungie uzi, nione kama una mkono." Watoto wakagombania. Nyumba nzima tukasema bibi anawafundisha kushona. Ilipita karibu miaka miwili ndipo nilipoona kofia moja ambayo vito vyake vimekwenda upande, nikaelewa alikuwa anaazima macho ya watoto. Nililia jikoni. Nilijiona mjinga, na yeye nikamwona mwongo. Lakini ukiniuliza leo, wawili kati ya wajukuu wale wanashona kofia mpaka sasa, na walijifunza pale pale, wakimtungia uzi.

Nimeikumbuka hiyo kwa sababu ya lile neno lako, kwamba sasa unajua kwa nini anakwambia "nisomee hapo." Unajua sababu moja. Labda alikuwa anaazima macho yako. Labda pia alikuwa anakufundisha. Kwa nini hakumwita mmoja wa wale vijana wawili walio naye kabla yako? Kwa nini alikwenda kumtafuta mpwa wake aliyekataliwa na gereji zote, akamweka karibu na mkono wake wa kulia? Sijui. Anayejua ni yeye, na hujamuuliza. Katika barua yote hii ndefu umeongea na mama, umeongea nami, umeongea na jiwe. Na mjomba bado.

Unafikiri hajui kwamba umejua? Fundi anayesikiliza magurudumu manne yakifungwa uani na kusema "Rudieni" hajasikia spana yako ikilia tak nyuma yake, kila jioni, kwenye nati alizokwisha kuzifunga? Na ile Jumapili "hakusema kitu." Ninashuku kimya chake na chako vimeketi kwenye benchi moja, kila kimoja kinamstahi mwenzake.

Sasa tuzitazame njia zako, nami nitakwambia ninachokiogopa katika kila moja.

Ya kuendelea hivi hivi, ndiyo aliyokushauri mama. Namwelewa. Huyo ni kaka yake, na sisi wa Pwani sitara tumeinyonya na maziwa. Ila mama hajasimama kwenye turubai lile. Wewe mwenyewe umeshaona mwisho wa njia hii: siku ya mbio hamna nafasi ya mtu kumfuata mtu. Na hata zingekuwepo dakika, siku utakayougua malaria nani atapita nyuma yake? Tena kuna hili: kadiri unavyomficha vizuri, ndivyo anavyochelewa kwenda kupimwa.

Ya wakaguzi usiitegemee. Jirani yangu alicheka niliposoma pale. Wakaguzi hutazama mikanda na tarehe zake, kizimba cha vyuma, helmeti, kizima moto. Wanalitazama gari kabla halijaanza. Hawawi nanyi uvunguni mchana jua likiwaka, mmebakiwa na dakika tano na mtu ameshika chupa.

Ya kumwendea dereva moja kwa moja ina haki yake, kwa maana maisha ni yake na ya navigeta, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kupanda gari kwa masharti haya. Hili siwezi kulizunguka hata nikitaka. Lakini ukimwambia peke yako, nyuma ya mjomba, huenda akamwondoa mzee siku hiyo hiyo, kwa hofu tu, na habari ikaingia nyumbani kwenu kabla yako. Huenda pia asikuamini, akasema binti anataka cheo. Na huenda, usikatae kabisa, akakwambia, "Tunajua. Tulikuwa hatujui tuanzie wapi." Watu waliokaa pamoja miaka mingi huzoea mambo mpaka hawayaoni tena, na mara nyingine huyaona wote na kila mmoja anangoja mwingine aseme. Ugeni wako hapo ni kama macho yako, bado ni mapya.

Ya kuanza na mjomba ndiyo inayonivuta, na nakiri kuwa ni mvuto wa mwanamke mzee aliyechelewa kumuuliza mama yake. Ina hatari pia. Anaweza kukana. Anaweza kukasirika akakwambia rudi ukatafute daftari la risiti. Anaweza kukuapisha usimwambie mtu, na hapo utakuwa umefungwa zaidi ya ulivyo sasa, kwa hiyo kabla ya kwenda jiulize kama uko tayari kumwambia, "Hilo siwezi kukuahidi, mjomba." Ukienda, usiende akiwa kazini, na mbele ya wale vijana kabisa usithubutu. Mtafute baada ya alasiri, labda mkatembee upande wa jeti, gati la baharini, mahali ambapo hakuna cha kusoma wala cha kufunga. Usianze na macho yake. Anza na jiwe lako. "Mjomba, Jumapili nilisema uongo." Mtu aliyebeba siri humfungulia mlango kwa urahisi zaidi yule aliyekuja na ya kwake mkononi. Kisha nyamaza, umwache aseme.

Na kuna ya pembeni, ambayo haimalizi jambo lakini inaweza kulinda watu wakati mengine yakitafutiwa njia. Jirani yangu ananiambia katika kazi zenye hatari si aibu nati ya mtu mmoja kukaguliwa na mwingine, kwa kila fundi, hata mkuu. Mmoja anakaza, wa pili anapitisha spana na kuchora alama ya rangi, na karatasi inatiwa saini. Chupa za breki zinafungwa utepe mwekundu na kukaa sanduku lake peke yake. Unaweza kulileta kama swali la mwanafunzi: "Mjomba, kwa nini sisi hatufanyi hivi?" Mgeni ana ruhusa ya kuuliza mambo ambayo mwenyeji akiuliza huonekana anamtuhumu mtu. Ninachokiogopa hapo ni kimoja, kwamba mfumo ukienda vizuri nyote mtapumua, na mzee ataendelea kuingia gizani taratibu, safari hii kwa karatasi yenye saini.

Ukiniuliza kuhusu kumla aliyekulea, nitakuuliza nawe: mjomba ni macho yake tu? Mtu aliyeko kwenye kazi hii tangu 1981, anayejua kwa sikio kwamba gari linaumwa wapi, anayewaambia "Rudieni" mpaka mkono wa kila mmoja umeijua kazi yake, hana kazi kwenye timu mpaka ashike chupa mwenyewe? Mimi sijui timu yenu inavyogawana kazi. Wewe unajua. Labda ni jambo la kuongea naye pia, mkifika huko. Au labda atakwambia bila spana mkononi yeye si fundi, na hilo ni lake kulisema, hatuwezi kumchagulia.

Sitakwambia uende kwa nani kwanza. Wewe ndiye utakayekula naye Idi, na wewe ndiye utakayesimama kwenye turubai lile injini ikiwashwa. Ninachokuomba ni kidogo: kabla ya mazoezi yenu yajayo, kumbuka gurudumu la nyuma kushoto lilifungwa na nani. Kumbuka kwa ukweli, hata jibu likiwa ni wewe. Ukienda kwa mjomba ukiwa na jibu hilo, utaongea naye vingine kabisa kuliko ukienda na hukumu.

Mama msalimie. Mwambie kumsitiri kaka yake kunaweza pia kuwa kumshika mkono akapande gari la alfajiri la Mombasa, na kama wewe huwezi kuomba ruhusa kazini, dada mtu anaweza kumsindikiza. Pengine kwake atakubali upesi zaidi.

Na ukiniandikia tena, nataka kujua kitu kimoja tu. Mkiwa pale jeti, ukimuuliza kwa nini alikuchukua wewe, alijibu nini?